Kopo la Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Kaka ameniamuru niandike. Amelala hospitalini na chuma ndani ya nyonga, mguu umeegemezwa juu ya mito, na bado anatoa amri kana kwamba ameshika usukani. "Bi Skrubu," ameniambia, maana ndilo jina langu kwake tangu tukiwa watoto, "wewe ukisimulia unaruka mambo. Andika kila siku. Nikirudi nisome yote." Shajara yenyewe alipewa na kampuni ya mabasi siku aliyostaafu udereva. Hajawahi kuandika ndani yake hata mstari mmoja, kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kuichafua.

Basi, ya leo. Mvua imeanza alfajiri na hadi sasa inaendelea. Daktari amesema kaka atatoka tarehe 17 Aprili, na kwamba habari ya ngazi aisahau. Nikamuuliza, kwa muda gani? Akasema, "Mama, aisahau." Kaka na mkewe wanakaa juu, ngazi kumi na sita. Mimi nakaa chini. Nilitaka kumpa chumba changu cha kulala, lakini mlango wake haupitishi kiti cha magurudumu. Nimeupima mara tatu, nikitumaini utapanuka. Chumba pekee cha chini chenye mlango wa kutosha, na bafu lipo karibu, ni karakana yangu.

Asipopata chumba hapa, binti yake atamchukua akakae kwake, safari ya siku mbili. Kitanda ameshakitandika. Ni mtoto mwema, simlaumu. Lakini kaka alizaliwa katika nyumba hii, na akitoka hospitalini kwa kiti cha magurudumu kuingia kwenye gari la binti, najua harudi tena. Kwa hiyo nina wiki sita na siku chache za kuondoa vitu vya miaka hamsini.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimesimama mlangoni mwa karakana nikaitazama kama mgeni. Baba alikuwa fundi cherehani, nami nimerithi kazi, meza, na tabia yake ya kutotupa kitu. Kuna vichwa vya cherehani sakafuni, vingine juu ya vingine. Kuna magurudumu, mikanda, pedeli, miguu ya chuma isiyo na meza na meza zisizo na miguu. Kuna njia moja nyembamba ya kupita, na ukinenepa kidogo hupiti. Vitu vilipojaa humu vikaanza kutoka nje: kwanza ukumbini, halafu chini ya ngazi, halafu kwenye ngazi zenyewe.

Hapa ndipo panaponiuma, na kaka akitaka kusoma asome. Alianguka kwa sababu ya kichwa cha cherehani nilichokiacha ngazi ya tatu. Nilikiweka pale asubuhi, nikasema nitakiondoa mchana. Hakuna aliyenilaumu. Kaka hajasema neno. Wifi yangu, mke wake, naye hajasema neno, na kimya chake ndicho kinachonitisha zaidi. Miaka thelathini na moja tumesalimiana kwenye ngazi hizo, wifi hujambo, wifi sijambo, kila mmoja akaenda zake.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi ameshuka. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi hadi alipostaafu, na ameshuka kama anaripoti kazini: kilemba, glavu za mpira, kalamu sikioni, na daftari refu lenye jalada gumu. Hakuniuliza kama nahitaji msaada.

"Tunaanzia wapi?" akasema.

"Tunaanzia kunywa chai."

"Chai nimeshakunywa."

Akaandika tarehe juu ya ukurasa. Nikajua nimepatikana.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Tumepata sakafu, kipande cha kama meza moja. Nilikuwa nimesahau kuwa ni nyekundu.

Jumanne, 11 Machi

Leo tumetoa mzigo wa kwanza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja na mkokoteni, akapakia magurudumu yaliyopasuka, pedeli tisa na chuma ambacho hata baba hakukijua. Nilikisindikiza hadi barabarani kwa mwavuli. Wifi alikuwa dirishani, nadhani alicheka.

Tumepata pia mkasi niliomtuhumu mteja kuwa ameuiba, miwani ya baba, pasi tatu, redio isiyo na tumbo, na viatu vya mtu. Vya nani? Vya kiume, namba arobaini na nne, vizima. Huyo bwana aliondoka hapa peku na hakusema kitu.

Chini ya meza ya baba, nyuma kabisa, palikuwa na kichwa cha cherehani kilichofungwa kwa shuka la maua. Wifi alikivuta, akachuchumaa mbele yake muda mrefu. Nikamuuliza kama amechoka. Akasema, "Kidogo." Tukakiweka pamoja na vingine.

Jumamosi, 15 Machi

Mpango ni huu. Karakana itahamia banda la uani, ambalo upana wake ni kitanda na nusu. Seremala jirani, tunayemwita Mzee Futi kwa sababu hata akija kukupa pole atapima mlango wako, amekuja kuliona. Amepima ukuta, paa, mimi na mwavuli. Paa linavuja sehemu nne. Atalitengeneza na kuweka rafu tatu.

"Vichwa vingapi vitaingia?" nikamuuliza.

"Saba, na wewe ukikaa upande."

Mimi ninavyo kumi na tisa vya watu, vyote nimevifungua, vyote vinasubiri kitu: sindano, mkanda, muda wangu. Wifi akasema, "Basi kumi na viwili virudi kwa wenyewe kabla ya tarehe 17." Alilisema hilo kwa upole, lakini nililisikia kama mashtaka. Kila cherehani iliyoko humu ni ahadi yangu kwa mtu, na nyingine nimeahidi tangu mtu huyo hana mvi.

Jumatatu, 17 Machi

Hospitali. Kaka amekonda mashavu, mdomo haujakonda.

"Mwenzio anaendeleaje?"

"Anapanga."

"Mwache apange. Mimi kanipanga miaka thelathini na moja, sasa niko mahali pangu."

Akaniuliza kama chumba kitakuwa tayari. Nikasema ndiyo. Akanitazama kwa namna ninayoijua, akasema, "Bi Skrubu, kama hakitakuwa tayari niambie mapema, niuzoeze moyo."

Nimerudi kwa miguu kwenye mvua ili nisilie ndani ya basi.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mzee Futi hakuja, mbao zimelowa.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya nne sasa wifi na mimi tunakula pamoja mchana, huku chini, kwenye meza ambayo hatimaye ina uso. Ni mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Nilimwonyesha kibati ninachokitunza tangu ujana, akaniuliza ni cha nini. Nikasema sijui, lakini siku moja nitakihitaji. Akaandika kwenye daftari, akisoma kwa sauti: "Kibati. Matumizi: siku moja."

Kuna jambo moja bado linanikera, nalitaja ili niwe mkweli. Yeye hushona kwa mkono. Mashati ya kaka, mapazia, mashuka, yote kwa sindano ya mkono, pale juu barazani ambapo majirani wote wanaona. Ana wifi fundi cherehani chini ya miguu yake, na hajawahi kushuka kuomba hata kupiga mshono mmoja. Miaka yote nimeona ananidharau. Leo nilitaka kumuuliza, lakini chakula kilikuwa kizuri, nikaacha.

Jumanne, 25 Machi

Leo nisingependa kuandika. Nitaandika hivyohivyo.

Nilikwenda hospitali asubuhi. Nilipokuwa huko wifi alibaki karakana peke yake, ameniahidi atanifutia vumbi rafu ya dirishani. Ni rafu ya makopo: kopo la kakao, la kahawa, la maziwa, la rangi ya viatu, yana kutu, hayana vifuniko, hayana majina. Mtu akiyatazama anaona takataka. Lakini hiyo ndiyo rafu pekee iliyokuwa imepangwa katika chumba kizima. Kila kopo ni cherehani moja. Nikifungua mashine, skrubu zake zote, nati zake, springi zake, naziweka katika kopo lake, na haziingii kwingine hadi siku ya kufunga. Baba alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Nyingi za skrubu hizo haziuzwi tena popote. Sijaandika jina kwenye kopo hata moja kwa sababu majina yote ninayo kichwani.

Niliporudi wifi alikuwa mlangoni, uso unang'aa. "Wifi, njoo uone."

Rafuni palikuwa na chupa za kioo, safi, zimepangwa mstari mmoja, kila moja na karatasi yake: skrubu fupi bapa, skrubu fupi duara, skrubu za kati, ndefu, nati, springi. Zinametameta. Alikuwa amezifuta moja moja kwa mafuta.

"Makopo yako wapi?"

"Nimeyaosha, yako jikoni yanakauka."

"Vilivyokuwa ndani?"

"Ndiyo hivi, nimevipanga. Kwanza nili..."

Sikumwacha amalize. Nilipiga kelele. Nilimwambia amevunja mashine kumi na tisa kwa kitambaa na mafuta. Alijaribu tena, "Wifi, nisikilize," nami nikasema, naandika kama nilivyosema: "Hii ni karakana ya baba yangu. Wewe umeikuta. Kama kitu hukijui, kaa juu huko kwenu."

Kwenu. Mtu aliyeingia nyumba hii akiwa na miaka ishirini na mitatu, aliyemwogesha baba yangu siku zake za mwisho nikiwa mimi nimechoka.

Akavua glavu, akazikunja, akaziweka juu ya meza. Akapanda. Nilihesabu hatua zake, kumi na sita.

Jumatano, 26 Machi

Nimejaza bakuli skrubu, nikajaribu kufunga mashine moja. Saa tano nzima. Sikuweza.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Nasikia nyayo zake juu ya dari.

Ijumaa, 28 Machi

Hivyo hivyo.

Jumatatu, 31 Machi

Kaka si mjinga. "Zamani mlikuwa mnakuja pamoja mmenuna," amesema. "Sasa mnakuja mbalimbali, mnatabasamu. Nini kimetokea?"

Nikamweleza. Nilitarajia anifokee, nilitaka anifokee. Alitazama dirishani tu, maji yanateremka kwenye kioo.

"Mtoto alipiga simu," akasema. "Nimemwambia aje na gari tarehe kumi na saba."

"Kaka, bado kuna wiki mbili."

"Sitaki kurudi kwenye nyumba ambayo nyinyi wawili hamsemezani. Nitakuwa nimelala katikati. Huko angalau watapiga kelele wajukuu."

Jioni binti akanipigia mwenyewe. "Shangazi, usijisikie vibaya, hata hapa ni kwake." Nikamwambia asante mwanangu. Nikakata, nikakaa juu ya mashine ya mtu.

Jumatano, 2 Aprili

Asubuhi nimetoka kufagia ukumbi nikakuta daftari la wifi. Limewekwa ngazi ya tatu. Ngazi ileile.

Nilidhani ni barua ya lawama. Nikalifungua nimesimama, na sikukaa hadi nilipolimaliza. Sikujua mtunza stoo ni mtu wa namna gani. Mtunza stoo hahamishi hata msumari bila kuandika ulipotoka. Kabla hajamwaga kopo lolote, wifi alikuwa ameandika hivi:

"Kopo la kakao, kutu chini, rafu ya dirishani, la kwanza kutoka kushoto. Skrubu fupi bapa 6. Ndefu 3. Nati 2. Springi 1. Limehamishiwa chupa A, D, E, F."

"Kopo la kahawa, tundu pembeni, la pili. Skrubu fupi duara 4. Za kati 5..."

Kurasa tatu, mwandiko wa kusimama wima, hakuna palipofutwa. Hilo ndilo alilotaka kuniambia. Kwanza nili... Kwanza niliandika.

Yeye hajui kopo la kakao ni la nani. Mimi najua: ni ile mashine ya mshona sare wa karibu na stendi. Mimi sijui lilikuwa na skrubu ngapi. Yeye anajua. Si lazima skrubu sita ziwe zilezile, nitazijaribu moja moja, mikono yangu inajua meno ya kila mashine. Lakini sasa najua natafuta sita, si tano wala saba. Nimekaa ngazini nikalia kwa aibu na kwa shukrani, vyote kwa pamoja, siwezi kusema kipi kilizidi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepanda juu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipopanda bila kuitwa.

Alifungua, akanitazama kuanzia chini. "Vua viatu. Vina mafuta."

Nikavua. Nikasema, "Wifi, nimekuja kukuomba radhi. Nilichosema hakisemeki. Hapa ni kwako kuliko ninavyoweza kusema."

Akanikaribisha kiti. Akasema hata yeye alikosa, hakupaswa kugusa kitu cha mtu bila kuuliza, na kwamba akitazama vitu vimechanganyika mikono humwasha.

Basi kwa kuwa nilishaanza kujivua, nikajivua kabisa. Nikamwambia kuhusu kichwa cha cherehani na ngazi ya tatu, kwamba najua ananilaumu na ana haki.

"Nikulaumu wewe?" Akaondoka, akafungua kabati, akarudi na boksi. Balbu. Kumi na mbili. "Taa ya ngazi ilikuwa imeungua wiki nzima kabla hajaanguka. Kila siku nasema nitaibadilisha kesho. Mtunza stoo mzima, balbu ninazo kabatini! Sijasema neno tangu siku ile kwa sababu nikifungua mdomo litatoka hilo."

Kumbe kimya chake chote kilikuwa hicho. Nikamuuliza kwa nini aliweka daftari ngazi ya tatu, kama alikuwa ananikumbusha.

"Hapana," akasema. "Nimeweka pale maana ndipo unapoweka vitu vyako."

Tulicheka hadi tukashikana mikono. Tukashuka pamoja, tukabadilisha balbu.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumefunga mashine nne! Yeye anasoma, mimi nafunga. "Kopo la maziwa, duara nane." "Nipe nane." Ananihesabia kiganjani. Tukimaliza moja, natunga uzi, nashona kitambaa, yeye anaandika. Mzee Futi ametuchungulia akasema tunafanana na watu wanaochota dhahabu.

Jumanne, 8 Aprili

Kumi na moja. Tano zimekwisha rudishwa. Mshona sare alipoiona yake alifunika mdomo. Alikuwa ameshamwambia mwanawe kuwa hiyo asahau. Mwingine, mzee sana sasa, aliniuliza, "Hii ni yangu?" nikasema ndiyo, akasema, "Nilikuwa na nywele." Nilitegemea matusi kila mlango, nimepewa ndizi, mayai, na baraka. Watu ni wema kuliko ninavyostahili.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo tumefunga ya kumi na tisa. Nilikuwa nimejiandaa kushangilia. Lakini chupa hazikuwa tupu. Zilibaki skrubu kumi na moja, nati mbili na springi moja.

"Umekosea kuhesabu," nikamwambia, kwa utani.

"Mimi?" Utani haukumchekesha. Akafungua daftari ukurasa wa tatu, chini kabisa, akaniwekea kidole. Palikuwa na mstari nilioupita bila kuusoma vizuri, kwa sababu kichwani mwangu makopo ni kumi na tisa. "Kopo la pipi, nyuma ya mengine. Skrubu 11. Nati 2. Springi 1." Kopo la ishirini.

Kopo la pipi. Nilikaa nikawaza wateja wote, sikumpata. Ndipo nikakiona pembeni kile kichwa cha shuka la maua, ambacho hatukuwa tumekifungua. Nikafungua fundo. Cherehani ya mkono, nyeusi, ndogo, karibu mpya. Ndani ya shuka pamefumwa herufi mbili kwa uzi mwekundu, za jina la wifi na la kaka.

Nikamgeukia. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Wifi, hii ni yako."

"Mama yangu alinipa nilipoolewa," akasema. "Mwaka wa tatu ikawa inaruka mshono. Nikakuletea. Pipi nilizileta mimi pia, ukala, ukatumia kopo."

Hapo nikakumbuka. Niliifungua asubuhi moja. Mchana baba akaanguka hapohapo karakana, na kuanzia siku ile hadi tulipomzika, na miezi baada ya hapo, sikugusa kitu. Mtu mmoja aliisukuma chini ya meza. Labda mimi.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa na msiba. Mtu hadai cherehani msibani. Baada ya mwaka nikaona haya. Baada ya miaka mitano nikasema, huyu hanipendi, hataki kuitengeneza. Nikanunua sindano za mkono."

Miaka ishirini na minane. Mimi huku chini naona ananidharau, yeye huko juu anaona simpendi, na katikati yetu cherehani imefungwa shuka. Na hata siku alipoivuta mwenyewe kutoka chini ya meza, akaijua, hakusema. Aliandika kopo lake kwenye daftari, sawa na la mtu mwingine yeyote, akasubiri zamu yake.

Nilimkumbatia. Ni mtu wa kukumbatiwa kwa shida, mgumu mabegani, lakini baadaye akalegea.

Jumamosi, 12 Aprili

Banda limekamilika. Halivuji. Mashine kumi na tatu zimesharudi kwa wenyewe; humu tumebaki mashine sita, rafu tatu, mimi. Makopo nimeyarudisha, na kila moja lina karatasi ya jina. Wifi aliandika, mimi nikabandika. Ya saba, ile ya wifi, nimeiacha ndani, ina shughuli.

Jumatatu, 14 Aprili

Cherehani ya wifi nimeisafisha, nimeifunga. Ilikuwa inaruka mshono kwa sababu sindano ilipinda. Sindano tu. Kazi ya dakika kumi.

Jumatano, 16 Aprili

Chumba ni cheupe. Sakafu nyekundu imesuguliwa. Nimempigia binti simu, nikamwambia aje na gari, ila aje kumleta baba yake nyumbani, si kumchukua. Akauliza, "Shangazi, mmepatana?" Nikampa simu mama yake, akamwuliza mwenyewe.

Alhamisi, 17 Aprili

Kaka yuko nyumbani. Kiti kimepita mlangoni, kikabaki na nafasi ya vidole viwili kila upande. Mzee Futi alikuwapo, akapima. Kaka akazunguka chumba chote, akapapasa kuta, akasema, "Kumbe kulikuwa na dirisha." Halafu akaomba tumwache peke yake kidogo. Tulimsikia analia, tukajifanya hatusikii.

Siandiki zaidi. Nimeshukuru siku nzima, nimechoka kwa kushukuru.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua imekatika. Asubuhi nimempa kaka shajara hii kama nilivyoahidi. Amesoma huku akicheka na kuguna, akafika pa ngazi ya tatu, akaifunga kidole kikiwa ndani. "Bi Skrubu," akasema, "nilikuwa nimebeba ndoo mbili nisirudi mara ya pili. Hata kungekuwa na jua kwenye ngazi nisingeona miguu yangu." Kwa hiyo sasa tuko watatu tunaogombea kosa moja. Amenirudishia niandike siku ya mwisho.

Wifi ameketi dirishani, karibu na kitanda, na cherehani yake. Anashona pazia la chumba hiki. Mishono inatoka midogo, imenyooka, haijaruka hata mmoja. Kaka amefumba macho anasikiliza mkono wa mashine unavyozunguka, anasema huko hospitali hakupata usingizi wa namna hii.

Alipomaliza upindo wa kwanza alisimamisha gurudumu, akachukua daftari lake la stoo, akanifungulia ukurasa wa tatu. Makopo kumi na tisa yote yalikuwa na saini yangu kwenye safu ya kutoka. La ishirini lilikuwa wazi.

"Tia saini," akasema. "Kitu hakitoki stoo bila saini."

Nikachukua kalamu. Kwenye safu ya kuingia yeye alikuwa ameshajaza: siku, mwezi, mwaka, miaka ishirini na minane nyuma, bila kuuliza mtu wala kutazama popote. Nikaandika tarehe ya leo pembeni yake. Nikatia saini. Inasomeka.